Kamera ya Macho Mawili na Imondo ya Mzee

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua hadithi yangu ikifika Khayega inatiwa chumvi na ikifika Lurambi inatiwa pilipili: ni kweli, mimi ndiye yule mwalimu wa Amalemba aliyeonekana kwenye televisheni ya baba mkwe wake, midevu inang'aa mafuta, mbele ya ukoo mzima wa mke wake na akina mama wa kanisa. Ni kweli pia kwamba nilitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka. Ile nyumba Mzee aliijenga vizuri sana.

Mambo yalianza na kamera. Bodaboda mmoja alikuwa ameniingia nyuma pale Lurambi akavunja taa, na watu wote waliokuwa hapo, hata mama mmoja aliyekuwa ameipa barabara mgongo akichagua nyanya, wakaapa kwamba mimi ndiye niliyemrudia kinyumenyume. Nikasema basi, siku nyingine nitakuja na shahidi wangu mwenyewe. Nikaenda dukani mjini kutafuta kamera ya gari, na dada aliyekuwa akiuza akanieleza kwa upole kwamba zile za macho mawili ziko aina mbili, kuna ya mbele na nyuma, na kuna ya mbele na ndani. "Hiyo ya ndani huchukuliwa na watu wa teksi, ndio waone abiria," akasema. "Wewe chukua ya nyuma. Si umesema uligongwa nyuma?"

Mtu mwenye akili aliyegongwa nyuma angechukua ya nyuma. Mimi nikachukua ya ndani. Sababu (msicheke) ni njugu. Mimi huweka njugu karanga kwenye gari, na kila nikiwapa walimu wenzangu lifti, njugu zinapungua na hakuna anayetafuna. Nilitaka kumjua mwizi. "Dada, mimi najua ninachotaka," nikamwambia, na mkimsikia mtu akisema hivyo, jueni hajui kitu.

Fundi wa kuifunga akaniahidi kuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku tuliyokuwa tunatakiwa Shinyalu kwa baba mkwe, maana Mzee alikuwa ametoka hospitali baada ya kupasuliwa mguu na watu wake walikuwa wamepanga maombi ya shukrani. Lakini kulikuwa na jambo lingine kubwa zaidi. Shemeji yangu Rufus, kaka ya mke wangu, alikuwa ameoa juzijuzi tu, na siku hiyo mke wake Violet ndiye angempikia Mzee ingokho, kuku wa kwetu, kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wangu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo anayeamua mambo ya jikoni katika boma lile ni Senge, dada ya Mzee, na Senge hajawahi kusifu mboga ya mtu tangu nimjue. Ikiwa kuku ya Violet ingempendeza, Violet ni mke. Isipompendeza, Violet ni mgeni aliyekaa sana.

Violet akaja kwetu alfajiri, akapika na mke wangu Roselyne akimwelekeza, na harufu iliyokuwa ndani ya nyumba ile, ndugu zangu, ingemwamsha maiti. Mimi nilipewa strungi kavu, chai bila maziwa na bila chochote cha kutafuna. Kufika saa tatu fundi hajafika, kwa hiyo wale wawili wakatangulia na bodaboda wawahi kusonga obusuma, ugali wetu, wakaniachia kuku ndani ya hotpoti iliyofungwa kwa leso. Violet alinikabidhi kwa mikono miwili. "Shemeji, imondo nimeiweka juu kabisa, Senge aione akifunua tu. Tafadhali endesha polepole."

Kama wewe si wa kwetu, imondo ni firigisi, na kwa wazee wa kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Haigawanywi, haiulizwi. Ikikosekana, swali ni moja tu, nani ameila, na mwanamke akishukiwa, hasa bibi harusi, hilo ni neno la kuitiwa mama yake.

Hayo yote nayajua. Nimeoa pale miaka kumi na miwili.

Fundi akaja saa tano, akafunga kamera kwenye kioo, akanionyesha taa ndogo ya kijani, akaenda zake. Nikaondoka, hotpoti nimeifunga mkanda kwenye kiti cha pembeni kama mke wa pili. Kioo cha kamera kikazima chenyewe baada ya dakika moja (dada wa duka aliniambia huzima, ila kurekodi kunaendelea, lakini mwenye njaa hakumbuki maelezo). Nikapita Khayega, nikakata kushoto, na pale kwenye mashamba ya chai, mahali pasipo na mtu, nikasimama nihakikishe mchuzi haujamwagika.

Mchuzi haukuwa umemwagika. Nikahakikisha mara ya pili. Imondo ilikuwa pale juu, imekaa, inanitazama. Nikajiambia nilambe mchuzi wake tu. Halafu nikajiambia niikate pembeni kidogo, na mnajua imondo haina pembeni. Niliila yote. Niliila nikizungumza nayo, kwa sauti, kama mwendawazimu, halafu nikajifuta na leso ya Violet nikaifunga tena vizuri kuliko alivyoifunga yeye.

Nikafika kwa Mzee nikiwa na furaha ya kijinga. Rufus akaja kuangalia gari, na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kujigamba mbele ya wanaume wote waliokuwa chini ya hema: "Hii kitu inaona mbele, inaona ndani, ukipiga chafya inasikia!" Maombi yakafanyika, tukaingia sebuleni, Mzee akakalishwa kwenye kiti chake na mguu juu ya stuli, na Violet akaanza kuzunguka na jagi la maji ya kunawa mikono. Senge akafunua hotpoti.

Akachungulia. Akachukua mwiko akakoroga. Akakoroga tena.

"Violet," akasema. "Imondo iko wapi?"

"Iko hapo juu, Senge. Niliiweka juu kabisa."

"Juu wapi? Mimi naona shingo. Kwani kaka yangu hukulanga shingo?"

Roselyne wangu akajaribu kumtetea, akasema walikuwa pamoja jikoni tangu alfajiri na hakumwona akila chochote, na Senge akamuuliza kama kazi yake jikoni ilikuwa kumwangalia mtu mdomo. "Wasichana wa sasa wanakulanga vitu hata hawaulizi vina mwenyewe! Kesho mama yake aje hapa atuambie alimfundisha nini." Rufus akamtazama mke wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na Mzee akaangalia mguu wake. Violet akasimama palepale na jagi mkononi, machozi yanatiririka, hata hakuyafuta maana mikono ilikuwa na jagi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikichunguza kucha zangu.

Naapa nilitaka kusema. Lakini kila dakika niliyokaa kimya ilifanya dakika iliyofuata kuwa ngumu zaidi, na mwishowe nikaona heri nimwokoe Violet bila kujitosa mwenyewe. Nikakohoa. "Ehe, nimekumbuka," nikasema. "Njiani nilimpa lifti mama fulani. Pale Khayega. Labda ni yeye."

Roselyne akageuka polepole. "Mama gani?"

"Mama tu."

"Wa umri gani, Baba Neema?"

Kabla sijajibu, Rufus akaruka juu. Mwanamume aliyekuwa amezama ameona kamba. "Si mwalimu ako na kamera! Inaona ndani! Tutamwona huyo mama sasa hivi!"

Nikasema kaeni, kaeni, nitaileta mimi. Nikakimbia kwenye gari, nikawasha, nikabonyeza kila kitufe kilichokuwa hapo nikitafuta cha kufuta, na kamera ikazungumza kwa sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza safi, kwamba nimeifunga video na haiwezi kufutwa tena. Nikageuka. Rufus alikuwa nyuma yangu. "Umeilinda," akasema, na akanishika bega kwa shukrani. "Asante sana, shemeji. Asante." Akachomoa ile kadi, akaitia kwenye kifaa chake cha kusomea kadi, na kifaa akakichomeka nyuma ya televisheni ya Mzee, ile kubwa ambayo sisi watoto wake tulichanga tukamnunulia. Na mimi nilichanga.

Picha ikaja imegawanyika mara mbili. Juu palikuwa na barabara na chai, kimya, hakuna kinachosonga. Chini nilikuwa mimi. Hapakuwa na mama yeyote. Palikuwa na mimi na hotpoti, na vidole vyangu, na sauti yangu ikijaza sebule: "Njoo kwa baba. Huko unakoenda utateseka bure. Mzee ana meno mawili tu, na hayo mawili hayajuani. Atakumumunya mpaka Jumatatu!" Kisha sauti ya kutafuna. Sikujua kwamba mimi hutafuna kwa sauti hivyo. Mwisho nikajilamba kidole gumba, nikaitazama kamera yenyewe, nikatengeneza nywele.

"Mayi wee!" akasema mama mmoja wa kanisa.

"Rufus," Mzee akasema. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo kwa meno."

Rufus akarudisha. Tukasikiliza tena wote, kwa heshima. Mzee akamgeukia Senge, akaachama. "Hesabu." Senge akainama, akahesabu kwa kidole. "Matano," akasema. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, watu wakashikana mabega, mama mmoja akatoka nje kabisa, na Roselyne akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, sijui akicheka au akilia, mpaka leo hajaniambia.

Mtu mmoja tu hakucheka. Violet aliweka jagi chini, akafuta macho, akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, ambayo ingekuwa nafuu. "Shemeji," akasema, "uliniona nikilia."

Basi. Mimi nimeicheka hadithi ya meno pamoja nanyi, na nitaicheka tena, lakini hilo neno silichekei. Kula nilikula dakika mbili. Nilimwangalia yule msichana akiharibiwa jina kwa muda mrefu zaidi ya hapo, na nilikuwa nimeshiba.

Mzee akatoa hukumu bila kuinua sauti. Jumamosi mbili baadaye nilirudi Shinyalu na jogoo hai kwenye buti, nikamchinja mwenyewe, nikamnyonyoa na kumpika mwenyewe katika jiko la Senge, akina mama wamejipanga ukutani wakiniangalia mdomo. Moshi uliniliza na hakuna aliyenionea huruma. Nikabeba bakuli mpaka sebuleni, imondo juu kabisa, nikampigia Mzee goti. Yeye akaichukua, akaomba kisu, akaikata katikati.

"Violet, njoo hapa."

"Kaka!" Senge akashtuka. "Mwanamke hali—"

"Amekwisha kuililia," Mzee akasema. "Acha ajue ladha yake."

Violet akapokea nusu yake kwa mikono miwili, mbele ya wote. Akatafuna. Akatafuna sana. Nilikuwa nimesimama na jagi la maji mkononi, nikingoja, na tangu siku hiyo nimeapa kwamba nikimkosea mtu nitasema palepale, hata mdomo ukiwa bado umejaa.

Akameza kwa shida. Akamtazama Senge, kisha akanitazama mimi.

"Haijaiva," akasema.