Siku Niliyoitilia Nia VAT

Sijui kama mambo haya yanastahili kuandikwa. Nimesoma darasa la nane na madrasa, basi, na watu wanaoandika huwa na mambo makubwa kuliko mito ya kulalia. Lakini nikiikumbuka asubuhi ile bado nacheka peke yangu jikoni mpaka nashika meza.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunashona mito ya sufi hapa Msambweni. Hoteli moja ya kisiwani Chale ilijaribu mito yetu michache, ikaipenda, ikaagiza mingine hamsini. Sharti lilikuwa tusajiliwe VAT, ile kodi ya mauzo, na ankara itoke kwenye kompyuta, si kwenye kitabu cha risiti. Tukajisajili, cheti kikaja. Ile ndiyo ingekuwa kazi yetu kubwa ya kwanza, na mnunuzi wa hoteli alikuwa ameshatuambia, kwa upole, kwamba yuko fundi kule Diani anayeingojea tukishindwa.

Basi asubuhi ya kupeleka mzigo nikafungua programu ya hesabu, ambamo tulikuwa tumeshaingiza mauzo yetu ya zamani na ankara ya ile mito hamsini, ili niiwashe VAT. Nikaweka namba yetu. Ikaniuliza: usajili unaanza tarehe gani?

Hapo nikafikiri sana. Cheti kilikuwa mbele yangu na tarehe yake imeandikwa, sikatai. Lakini mimi nimelelewa nikijua jambo huanzia kwenye nia. Ukitia nia ya kufunga usiku, saumu imeshashika, hata kama alfajiri iko mbali. Nami nia ya VAT niliitia kitambo, jioni moja nikikuna nazi, miezi mitatu kabla ya cheti kutoka. Nikaona kuandika tarehe ya cheti ni kama kusema uongo mdogo. Nikaandika ile ya nazi.

Programu ikauliza tena: ankara zote tangu siku hiyo zitiwe kodi, kisha wateja watumiwe upya? Ilikuwa imeuliza kwa adabu. Nikabonyeza ndiyo.

Wifi alikuwa chini kwenye mkeka anajaza mto wa mwisho. Simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja jirani, aliyenunua mito miwili kwetu zamani kidogo.

"Mwanangu, mto wenyewe nimeshaulalia mpaka umebonyea. Leo naletewa kodi. Hii ni kodi ya usingizi?"

Wifi aliangua kicheko mdomo ukiwa juu ya sufi. Sufi ikaruka, feni ikaidaka, chumba kizima kikawa cheupe. "Wee wifi!" akapiga kelele. "Watu wamelala zao, wewe unawatoza!"

Nikacheka pia. Kisha mnunuzi wa hoteli akapiga, kicheko kikanikauka.

"Salaam aleikum, mama. Nimepata ankara mpya ya ile mito ya majaribio, ina VAT. Ile tuliinunua kabla hujasajiliwa. Wahasibu wetu wamesimamisha kila kitu chako. Ikirekebishwa kabla boti ya mizigo ya saa nane haijaondoka, mzigo utaingia. Isiporekebishwa, niwie radhi."

Kwa haki, hakunikaripia. Na programu nayo sikuweza kuilaumu, maana iliuliza mara mbili. Nikampigia mhasibu wetu, mwanamke wa bara anayekaa Ukunda, ndiye aliyetufundisha programu ile. Yeye huniita mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mjini.

"Mathe, tulia. Hiyo date umeitoa wapi?"

"Ndiyo siku niliyotia nia."

"Nia?"

"Nia. Kama ya saumu."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nikamsikia anagonga kifua. "Mathe, hawa watu wa kodi hawasomi moyo. Wanasoma cheti. Umesha-file return yoyote, umewapelekea hesabu?"

"Sijapeleka kitu."

"Basi tuko sawa. Ungekuwa ume-file, hapo tungelia wote. Ingia kwa mipangilio, toa hiyo date ya moyo, weka ya cheti."

Nikaingia. Wifi alisimama nyuma yangu na cheti, akinisomea tarehe kwa sauti kubwa kama anayenadi samaki, nami namwambia, "Taratibu, utanikosesha!" Nikabadilisha. Programu ikaonya kwamba ankara za kabla ya tarehe hiyo zitaondolewa kodi. Safari hii niliisoma yote kabla ya kubonyeza. Kodi ikatoka kwenye zile za zamani, ikabaki kwenye ile moja ya mito hamsini. Nikazituma tena na maneno ya kuomba radhi. Bibi jirani akajibu: "Haya. Narudi kulala."

Hoteli haikujibu.

Tukapakia mito kwenye tuktuk hivyo hivyo, tukaenda mpaka ufukweni mkabala na kisiwa. Pengine lilikuwa jambo la kijinga kwenda bila jibu. Mpaka leo sijui. Boti ilikuwa imeshawasha mashine. Nahodha akatutazama, sisi wawili vichwa vyeupe kwa sufi kama mabibi vizee, akasema mzigo usio na ruhusa hapandishi. Wifi akamwambia, "Shikamoo basi, utungoje kidogo." Mtu mzima kumwamkia kijana yule! Akaona haya, akangoja.

Simu ikatetemeka. Nikamsomea wifi: "Ankara zote mbili sawa. Pandisheni."

Sikumbuki nani aliyeingia majini kwanza. Tulirusha mito, nahodha anadaka, wifi anapiga vigelegele, buibui lake limelowa mpaka kiunoni. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na nadhani nilimwita nahodha mwanangu mara nyingi kupita kiasi. Boti ikaanza kusogea, nami nimesimama maji ya magoti, nimekumbatia mto mmoja.

"Mama," nahodha akaita, "huo nao ni wa hoteli!"

Nikamrushia.