Mashine Iliyojua Kuzimika

Profesa Zadock alitoka Nairobi mwaka 2006, akavuka mpaka wa kaskazini mkataba wa amani wa huku ukiwa bado mchanga, akaja kufundisha uhandisi wa umeme katika chuo kidogo nyuma ya soko la Custom. Wenzake walimcheka: bingwa wa kompyuta anahamia mji usio na umeme! Yeye aliona hapo ndipo pake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshikilia swali moja tu, jinsi ya kuunda kompyuta ambayo umeme ukikatika haipotezi kitu, na ukirudi inaendelea pale pale ilipoachia.

Machi 2009 akaanza jaribio la mwisho: siku thelathini, mashine izimwe kwa ratiba yake na si vinginevyo. Fundi wake, Keji, alitia dizeli kwenye jenereta na kuandika saa za kuzima na kuwasha. Profesa alihamishia godoro maabarani, nyumbani kwake mtaa wa Gurei hakuonekana tena.

Siku ya thelathini, mchana, ikiwa imebaki saa moja, aliingia Proscovia, mkunga Mganda wa kliniki ya jirani, glavu zikiwa bado mikononi.

"Profesa, jenereta yetu imekufa. Mama iko mezani, daktari ameshapasua. Tupe yako."

"Nipe saa moja tu, sista."

"Saa moja ni mingi."

Keji akamgeukia. "Prof, lakini hii mashine si tumeifundisha kuzimika?"

Zadock akaigeukia skrini yake. Hapo ndipo anaponiudhi. Nusu ya maisha yake alihubiri kwamba giza haliwezi kuidhuru kazi yake, na siku ya kuthibitisha akaliogopa yeye wa kwanza. Mganga hajigangi. Proscovia alitoka mbio kwenda kuomba jenereta kwa Waganda wenzake sokoni, akakosa.

Baada ya dakika arobaini Zadock alishindwa kuvumilia. Akachomoa waya kwa mkono wake, wakaibeba jenereta yeye na Keji. Walimkuta mama ameshafunikwa shuka, na mtoto pamoja naye. Mama huyo aliitwa Nyamuoch.

Jioni Keji aliiwasha mashine. Ikaendelea pale pale, haikupoteza hata neno moja. Zadock akalia mbele ya fundi wake bila aibu.

Makala yake ilichapishwa, ikasifiwa. Kwenye shukrani aliwataja wawili tu, Keji na Nyamuoch. Mhariri akaandika kuuliza: huyu wa pili alichangia nini? Zadock akajibu kwa neno moja.

"Alisubiri."