Siku Klima Ililia Miguuni pa Mama Mukwe

Wenzangu, mucheke tu, maana mutaa wetu wa Kasuku muzima umekwisha kucheka na mimi nimekwisha kuzoea, lakini mpaka leo nikipita mbele ya soko ninageuza uso, ninajifanya kama kuna muntu ninamutafuta. Na yote yalianza na heshima! Mama ya Zaina, muchumba wangu, alikuja kutoka Tunda pamoja na kaka yake, mujomba Saidi, waende kwa baba yangu kupanga siku ya ndoa, na mimi, kwa sababu nilikuwa nimenunua gari (imetumika sana, inakohoa, lakini iko na klima, mashine ya baridi!), nikaona nimuweke mama kiti cha mbele, pale baridi inapotoka. Desturi yetu munaijua: mukwe hamwangalii mama mukwe usoni, hamugusi, hata neno analipitisha kwa muntu mwingine. Mahali pa mama ni nyuma. Mujomba alikunja uso, lakini mimi kiburi cha klima kilikuwa kimekwisha kunipanda kichwani.

Hatujaenda mbali, klima ikaanza: tik, tik, tik. Nikasimama, nikaizima ili nisikie moteri vizuri, nikafungua kapo, kile kifuniko cha moteri. Kimya. Nikashika kuruwa, ule mukanda wa moteri, imekaza vizuri kabisa. Nikarudi ndani, nikawasha klima: tik, tik, tik. Nikashuka tena (nikaizima kwanza, maana nilitaka kusikia!) na tena kimya. Jamani, nilichanganyikiwa. Nikafikiri ni gurudumu, nikalipiga teke, nikafikiri ni jiwe limenasa, nikalala chini ya gari na shati langu jeupe kutafuta jiwe lisilokuwako. Mujomba akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, majini iko ndani ya gari, ao iko ndani yako?"

Nikajipangusa vumbi, tukaendelea.

Tulipofika mbele ya soko nikasimama tena, na akili ikarudi nusu: kumbe mimi mwenyewe njo ninanyamazisha ile kelele kila mara! Nikiongeza upepo inalia mbio, nikipunguza inalia polepole. Basi si moteri, ni feni ya klima, na feni iko nyuma ya kisanduku cha kuwekea karatasi, pale pale miguuni pa... eh, Mungu wangu. Nikageuka ili mujomba apitishe neno, mama ashuke kidogo. Mujomba hayuko! Amekwisha kuvuka barabara, anasalimiana na rafiki yake. Muntu mwenye akili angengojea. Mimi nikasema, aa, ni kazi ya kufumba na kufumbua, niimalize tu.

Nikaacha moteri inanguruma, nikazunguka, nikafungua mulango wa mama, nikaangalia soko, nikaambia kioo cha gari: "Kama hapa kuna muntu iko na miguu, angeisogeza kidogo."

Mama naye akaambia dirisha la upande mwingine: "Muntu huyo amekwisha kuisogeza."

Basi nikaingiza kichwa mule chini, macho nimeyafunga nusu (munione vizuri: makalio nje, mbele ya soko, saa sita ya mchana), nikachomoa kisanduku. Nyuma wauza sombe, yale majani ya muhogo, wamekwisha kuanza: "Yule mukwe anatafuta nini kule?" Nikaona feni, imejaa maganda ya karanga na manyoya. Panya amejenga nyumba! Nilifurahi sana kuijua siri, na kwa ile furaha nikanyoosha mukono juu, nikapapasa kifungo, nikazungusha feni mpaka mwisho, ili niwe na hakika.

TATATATATATATA!

Maganda yakaruka, na kabla sijavuta kichwa, mama mukwe akanishukia muzima muzima, akanilalia mugongoni, akanikandamiza shingo na mikono miwili. "Lala, baba! Lala! Usiinue kichwa!" Pua yangu ndani ya tapi, zulia la gari, sioni kitu, sielewi kitu, kifungo sikifikii, na ile kelele haikomi. Nilimusikia anamwita Mungu juu ya sikio langu. Nje vijana wa moto, wenye pikipiki, wanacheka kufa, lakini wamama wawili watatu, wale wakubwa, niliambiwa baadaye, nao walikuwa wamelala nyuma ya sombe yao.

Nikakanyaga, nikasukuma, moteri na feni vikazimika sijui namna gani. Kimya. Na katika ile kimya, sauti ya mujomba.

"Haya! Nimeona kwa macho yangu. Ndoa imekufa."

Kwa baba, mujomba alieleza yote na kuongeza chumvi: mama mukwe na mukwe, mwili juu ya mwili, mbele ya watu! Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilijua Zaina nimemupoteza kwa sababu ya panya, na niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka mbele ya wazee.

Mama akakohoa. Halafu, eh, akaniangalia mimi, usoni.

"Wakati wa vita, bunduki zikilia kule Tunda, nilikuwa ninalalia watoto, risasi zisiwapate. Wale niliowazaa tu, wengine sikuwa na mwili wa kuwatosha. Hata wewe, Saidi, sikukulalia, na ulikuwa karibu." Mujomba akaangalia miguu yake. "Leo sikuchagua. Mwili ulienda wenyewe. Sasa desturi gani itanikataza kumupa binti muntu niliyekwisha kumulalia?"

Baba akaita chai.

Zaina yuko nyumbani kwangu. Panya nilimutoa, feni iko sawa, lakini nimeapa, mama akiwa ndani ya gari klima siiwashi tena, hata tukauke. Tunafungua madirisha, tunakula vumbi. Na moto ikipita inapasua moshi, pa!, mukono wake unatoka kiti cha nyuma, unatafuta shingo yangu. Ninapunguza mwendo, ninainamisha kichwa.