Usibebe Uzito

Hadi leo nikisikia mtu akitamka "non-weight bearing", damu inanichemka. Ni maneno ya mafizio, wale wataalamu wa tiba ya viungo: mguu wa mgonjwa usiguse chini kabisa, aende kwa magongo tu. Mama yangu aliambiwa hivyo katika hospitali moja ya Homa Bay siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa ameteleza ufukweni kwenye kisiwa cha Remba, beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, akavunjika mguu na kupasuliwa. Mimi nilikuwa Kehancha nikifundisha. Fizio, kijana wa kutoka mbali asiyejua Dholuo, lugha ya kwetu, alianza kwa Kiingereza, kisha akatafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno: asibebe uzito.

Mama amebeba uzito maisha yake yote. Alielewa vizuri sana.

Alirudi nyumbani akatii. Maji alichotewa na jirani. Kuni hakugusa. Binti yangu mdogo, ambaye Mama ndiye anayemlea, alilia abebwe na hakubebwa. Lakini alitembea: kanisani, sokoni, kwa majirani, mikono mitupu, magongo ameyaegemeza nyuma ya mlango mpaka siku atakayochoka. Mguu ulipovimba, alijilaumu kwa kuinua sufuria.

Siku ya kliniki nilikuja, nikamkuta kwenye benchi na mtoto kando yake. Picha ilionyesha mfupa umehama. Ingebidi apasuliwe tena, na daktari hakuahidi kwamba angetembea sawasawa. Fizio akanigeukia mimi niliyevaa viatu vya ofisi, akasema, "The patient is non-compliant." Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo mbele yake.

Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anasema wewe ni mkaidi, hukufuata maagizo.

"Mimi?" akasema. "Hata huyu mtoto nilikataa kumbeba."

Nilimwuliza yule kijana neno "usikanyage" lilimshinda wapi. Makanga wa matatu analijua, mtoto anayechezea matope analijua, ila yeye aliyesomea miguu ya watu ndiye halijui. Akajitetea kwamba alitumia lugha ya kitaalamu, na kwamba mama alikubali kwa kichwa. Bila shaka alikubali! Nani angekataa kupumzishwa mizigo? Nilimfokea foleni nzima ikitutazama, na sijutii. Mkaidi gani huyo aliyeacha hata kuinua ndoo kwa sababu ameambiwa? Wanapachika watu majina ya Kiingereza kwa kosa lao wenyewe, halafu wanaita mgonjwa mwingine.

Mwishowe akachuchumaa mbele ya Mama, akashika unyayo wake.

"Mama, huu mguu usikanyage chini. Hata kidogo."

"Kumbe ni kukanyaga," Mama akasema taratibu. "Na kubeba je?"

"Kubeba ukiwa umekaa haina shida."

"Tangu ile siku?"

Fizio akauachia unyayo. "Tangu ile siku, Mama."

Mama aliusogeza mguu pembeni, akajiweka sawa kwenye benchi na kumnyooshea mjukuu wake mikono yote miwili. Mtoto alimtazama kidogo, kisha akaja kujificha nyuma ya sketi yangu.