Mota ya Kigari cha Hoteli

Jana blenda yangu iliungua, na harufu ya waya zake ikanirudisha uani kwetu Ufukoni.

Baba alikuwa mtunza bustani wa hoteli ya ufukweni. Kigari cha umeme cha kubebea wageni kilikwama, mota imeganda kwa kutu ya chumvi, naye akajitolea kuitengeneza nyumbani. Aliilowesha dizeli, akaigonga taratibu kwa nyundo, mpaka ikazunguka mkononi. Mama kwa furaha akawaita majirani waje kuona.

Baba alipounganisha betri, mota ilinguruma, ikafuka moshi, ikanyamaza. Watu walicheka. Jirani mmoja akasema, "Rudi kwenye maua yako, shemeji."

Uso uliniwaka. Nilitamani awe baba wa mtu mwingine.

Mama alivua kanga ya begani, akaifunika ile mota, kisha akawaaga majirani kwa upole. Walipotoka, Baba alibaki amechuchumaa, ametupa mgongo.

"Mtoto ameona?" aliuliza.

Mama alinitazama nilivyosimama palepale.

"Hayupo. Nimemtuma dukani."

Nikarudi nyuma kimyakimya, nikatoka kwenda dukani, mikono mitupu.