Maji kwenye Kuni za Maranda

Siku mashine inachukuliwa walikuwapo baba mdogo, shangazi mkubwa, katekista wa kigango chetu, jirani fundi seremala, balozi wa mtaa, wadogo zangu wawili na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote waliona, na watu wazima hao hakuna hata mmoja aliyetutetea.

Tulikuwa tumemaliza matanga ya mama. Baba alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Kitu pekee cha maana walichotuachia ni mashine ya kushindilia maranda, ambayo baba aliichomelesha hapa hapa Bariadi. Tulikusanya maranda kwenye karakana za maseremala, tukayachanganya na uji mzito wa muhogo, tukayashindilia yakawa kuni fupi nene kama mchi. Mama lishe walizipenda kwa sababu haziwatoi machozi.

Baba mdogo aliizunguka ile mashine akaipigapiga kama anayenunua ng'ombe.

"Hii ni mali ya ukoo," alisema. "Huyu binti kesho ataolewa. Aipeleke kwa wakwe?"

Jioni ile ile mashine ilikuwa uani kwake, mtaani Somanda.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Kwa kuwa wadogo zangu walitaka kula, nilikwenda kuomba kibarua kwenye mashine ya baba yangu, na baba mdogo akanipa. Aliniita "fundi wangu" mbele za watu. Mimi nilishindilia, nikaanika kivulini kwanza ili zisipasuke, kisha juani.

Baba mdogo ni mtu wa pamba, amekuwa wakala wa kununua pamba vijijini tangu ujana wake. Basi alipompata mama mmoja wa Kisumu aliyetaka kuni zetu kwa ajili ya hoteli zake, na wakakubaliana bei ya kilo, akafanya walichozoea watu wa pamba. Siku ya kupakia alisimama kwenye magunia akasema, "Leteni maji. Mzigo huu mwepesi mno."

Pamba ukiimwagia maji inaongezeka uzito, na ikifika kwa mnunuzi bado ni pamba. Kuni za maranda ni uji uliokauka, ukizimwagia maji zinakumbuka kwamba ni uji. Nilikuwa nimeshamwambia mara moja, zamani, kwamba hazitaki unyevu. Alinijibu, "Umesoma mpaka wapi wewe, unifundishe biashara?"

Safari hii nilitii. Nilichukua ndoo.

Mdogo wangu wa kike alinifuata bombani. "Dada, si zitaharibika?"

"Zitaharibika."

"Humwambii?"

"Shika ndoo ile nyingine."

Tulinyunyiza vizuri, kila gunia, wapakiaji wakafunika lori la Fuso kwa turubai. Baba mdogo alinichukua safarini maana yule mama, akipiga simu, alizoea kuzungumza na mimi. Tulilala Lamadi, na kesho yake jua likaupika ule mzigo njia nzima hadi mpakani Sirari.

Mama wa Kisumu, aliyekuja kutupokea hapo, alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa umejaa uji wa kahawia. Akafungua la pili.

"Mzee, si nilikuambia nataka kuni? Hii ni nini umeniletea?"

"Mama, weka sukari tu tunywe," dereva alisema, na wapakuzi wakacheka hadi wakakaa chini.

Yule mama hakucheka. Alinigeukia. "Na wewe binti, ulijua?"

"Mwenye mzigo ni yule pale," nikamjibu.

Akaondoka. Najua nilimpoteza na yeye. Nilikubali hasara hiyo.

Baba mdogo alirudi na mzigo wote, akaumwaga uani kwake. Wiki haikuisha akaja kwetu, mara ya kwanza tangu matanga, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mwanangu, zile zinaweza kushindiliwa upya. Wewe ndiye unajua."

"Zinaweza. Rudisha mashine hapa, nitazishindilia."

"Ile ni ya ukoo."

"Basi ukoo ushindilie."

Akasimama. "Una roho mbaya wewe."

"Ninayo, baba."

Lile rundo limeota magugu sasa, na mashine imesimama pembeni yake inashika kutu, maana hakuna anayejua kuitumia. Mimi na wadogo zangu tunashindilia kwa mtambo wa mbao wa kubonyeza kwa mkono. Tunachoka, lakini tunakula. Nikikutana naye barabarani Somanda napiga goti kama nilivyofunzwa. "Mwadila, bhabha," namwamkia kwa Kisukuma, naye anaitikia akitazama pembeni. Goti nampa kwa sababu ni ndugu wa baba yangu. Mashine bado namdai, na ile safari ya Sirari sijaihesabu kama malipo.