Mnara wa Barafu wa Shemeji

Morup alizaliwa na macho mawili, na yote mawili yalikuwa kwa Namgail. Tangu utoto wao huko Ladakh, milimani kaskazini mwa India, Namgail akipiga shabaha kwa upinde, Morup anakosa usingizi. Namgail akafuga mbuzi, Morup akaona mbuzi wake mwenyewe wana sura mbaya. Halafu jamaa akaenda kumwoa Chosdon, dada yake Morup. Basi wivu ukaingia kwenye ukoo rasmi.

Sasa milima nayo ikaanza kuota upara. Kila mwaka barafu ya juu inapungua, na wakati wa kupanda shayiri mfereji mkavu kabisa. Watawa wa Kibudha wa pale kijijini hawakukaa kusali tu. Walivuta mabomba kutoka kijito cha juu, wakafundisha watu kurusha maji hewani kwenye baridi kali, yagande, yajijenge mnara. Joto likianza, mnara unayeyuka taratibu, mashamba yanakunywa.

"Jengeni kwenye kivuli cha jabali," mtawa Skalzang alisema. "Kivuli, jamani! Msije mkasema sikusema."

Namgail akajenga kivulini. Morup akajenga juani, kando ya barabara, ili wapita njia wapige picha. Na kweli walipiga. Ila Machi haijaisha mnara wake umebaki kama aiskrimu iliyomdondoka mtoto. Aprili, tope tupu. Mbegu za shayiri bado ziko guniani, na bila maji ndiyo basi tena, mwaka mzima wa kuomba unga kwa watu.

Wa Namgail? Umesimama, mrefu kuliko nyumba, bendera za sala zinapepea kileleni. Chosdon akatupia picha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: "Kaka, wako uko wapi? Umeenda likizo?"

Vicheko vikamiminika. Hata Skalzang akaweka kimoja. Mtawa mzima!

Morup akazima simu. Kule kwao, theluji ikichelewa kuondoka shambani, watu huimwagia majivu iyeyuke upesi. Akajaza kikapu majivu ya jikoni, akapanda mpaka kwenye mnara wa shemeji yake. Akatupa konzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu upepo ukamrudishia usoni.

"Shemeji!" Namgail akachomoza nyuma ya mnara, koleo na sururu mkononi. "Mbona mweusi hivyo? Unaenda kucheza ngoma ya watawa bila barakoa?"

"Nimekuja... kuangalia tu."

"Na kikapu?"

Morup akakitazama kikapu kama vile ni cha mtu mwingine.

"Haya, umekuja wakati mzuri," Namgail akasema. "Nachimba mfereji wa kwenda kwako. Shamba lako liko juani, udongo umeshalegea. Langu bado gumu kama jiwe. Nimeongea na Skalzang, maji ya kwanza ni yako."

Pale majivu yalipoangukia, barafu ilishaanza kutiririka, na maji yanapotea maweni huku mfereji haujafika. Maji yake mwenyewe!

"Lete koleo," Morup akasema.

Akakwangua majivu mpaka mikono ikafa ganzi. Namgail alichimba mfereji kwa sururu anapiga mluzi, kisha akammiminia chai ya siagi na chumvi.

Morup akanywa. Tamu kuliko ya nyumbani kwake, ndiyo. Akasonya kimoyomoyo, akasogeza kikombe aongezewe.